Mafahali Wawili na Zizi Moja

Methali ni mali tuliyoachiwa na wazee, na mali ya urithi mtu huona haya kuipima mbele ya watu. Walakini dukani hata fedha ya marehemu baba ilipigwa juu ya meza ili usikilizwe mlio wake, na iliyo njema haikupungukiwa na kitu kwa kupigwa. Kwa sababu hiyo naomba ruhusa niipige methali moja ambayo imekwisha zoeleka vinywani mwetu: Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Kila uchaguzi ukaribiapo, methali hii husikiwa barazani, njiani, na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Mtu akiulizwa mbona vyama viwili vyagombana hata nchi yatikisika, hujibu kwa methali hii, na mazungumzo huishia hapo. Maana yake wengi huichukua hivi: nchi ni zizi, vyama ni mafahali, basi amani haipatikani ila mmoja aondoke. Nataka kuonyesha ya kuwa maana hiyo si maana ya methali, tena ya kuwa imetugharimu damu.

Kwanza tuitazame methali yenyewe. Sisi wa Mkwaja hatuhitaji kufundishwa habari za ng'ombe. Jirani na kijiji chetu palikuwa na ranchi kubwa, iliyofungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mwenye kuchunga ajua ya kuwa methali ni kweli, ila ajua pia kwa nini ni kweli. Mafahali hupigana kwa mambo matatu. La kwanza, zizi ni dogo, wala halina mlango wa pili. La pili, ashindaye hutwaa majike yote, na ashindwaye hapati hata mmoja. La tatu, hapana kati yao mwamuzi ambaye wote wawili wamtii. Mwenye mifugo mingi hafugi fahali mmoja tu. Hujenga ua wa pili, akagawa kundi. Basi methali hii yatuambia habari za zizi zaidi ya habari za mafahali. Nasi twaitumia kinyume: twawalaumu wenye pembe, na zizi hatulitazami. Hata ranchi yetu haikushindwa kwa vita vya mafahali. Mbung'o ndio waliowatesa ng'ombe, na mbung'o hawaoni mtu atazamaye pembe tu.

Mfano wa jambo hili hauko mbali. Ukisimama pwani ya Mkwaja na kuelekea mashariki, ng'ambo ya mkondo ndiko kiliko kisiwa cha Unguja, na kaskazini yake Pemba. Tangu uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957, siasa ya visiwa hivyo imekuwa ya pande mbili. Huku walikuwa Hizbu, yaani ZNP, huku Afro-Shirazi. Mwaka 1959 kilizaliwa chama cha tatu, ZPPP, lakini nacho hakikuweza kukaa katikati. Katika uchaguzi wa Januari 1961 palikuwa na viti 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda kwa Hizbu na mmoja kwa Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11, wala serikali haikuweza kusimama. Kikaongezwa kiti kimoja, uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni, na katika fujo za siku zile wakafa watu 68.

Julai 1963 wakapiga kura tena. Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote, kama asilimia 54, lakini viti vyao vilikuwa 13 tu katika 31. Hizbu na ZPPP kwa pamoja walipata 18, wakashika serikali. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ile ikapinduliwa, nayo ilikuwa na siku 33 tu za uhuru. Aliyekuwa na kura nyingi alikuwa nje. Aliyekuwa na viti vingi alikuwa ndani. Na mlango ulikuwa mmoja.

Baada ya hayo methali ilifuatwa neno kwa neno: akabaki fahali mmoja. Vyama vingine vilipigwa marufuku, na tarehe 5 Februari 1977 Afro-Shirazi na TANU wakaungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Je, zizi lilitulia? Rais wa kwanza, Sheikh Abeid Amani Karume, aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972. Rais wa pili, Aboud Jumbe, alijiuzulu Januari 1984 katika mabishano juu ya Muungano. Seif Sharif Hamad alifanywa Waziri Kiongozi mwaka ule ule wa 1984, akaondolewa kazini na kufukuzwa chamani mwaka 1988, kisha akafungwa. Huyo ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa upinzani wa visiwani kwa muda wa miaka mingi. Tazama basi: fahali wa pili alikulia katika zizi la fahali mmoja. Ugomvi haukwisha kwa kukatazwa. Uliingia chumbani, mahali ambapo jirani hawezi kuusikia wala kuusuluhisha.

Mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa tena, na Oktoba 1995 Unguja na Pemba wakachagua. Dr. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kwa asilimia 50.2, na Seif wa CUF alipata 49.8. Msomaji, hesabu hiyo itazame vizuri. Nchi ilikuwa imekatika nusu kwa nusu, na sheria ikampa mmoja yote, na mwenziwe ikampa kukaa nje. CUF walikataa matokeo, wakasusa vikao vya Baraza la Wawakilishi. Muafaka ulitiwa sahihi mwaka 1999, lakini haukutimizwa. Uchaguzi wa mwaka 2000 ukaharibika, na tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu walioandamana walipigwa risasi. Zaidi ya watu 20 waliuawa, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Muafaka wa pili ulitiwa sahihi Oktoba mwaka ule ule, juu ya makaburi ambayo udongo wake ulikuwa bado mbichi.

Katika miaka hiyo kila upande ulijizoeza kuvutana mpaka ukingoni. Wazee walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ni kweli, lakini fundi ajua kikomo cha ngozi. Mwanasiasa avutaye huku akitumaini ya kuwa mwenziwe ndiye atakayeogopa kwanza, ameiweka amani ya nchi mikononi mwa mtu asiyemwamini. Nao wote wawili wakitumaini hivyo, hapana aachiaye, na ngozi hupasuka. Twawakumbuka wale wanawake wawili waliosimama mbele ya Mfalme Sulemani wakigombea mtoto. Mama wa kweli alijulikana kwa kuwa tayari kumkosa mwanawe ili aishi. Sisi viongozi wetu twawapima kwa ukali wa maneno. Mfalme yule alipima kwa kipimo kingine.

Sasa nafika mahali ambapo methali, kama wengi waichukuavyo, yaanguka kabisa. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu wakazungumza. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura kama wataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikawa yasema ya kuwa chama kitakachofuata kwa kura kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri watatoka pande zote mbili. Uchaguzi ukafanyika Oktoba 2010. Dr. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1, na Maalim Seif 49.1. Vyama vilikuwa vile vile vya mwaka 1995. Seif alikuwa yule yule, na nafasi iliyowatenga ilikuwa nyembamba vile vile. Walakini safari hii hapakuwa na damu. Seif aliyakubali matokeo, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza. Mafahali hawakubadilika. Zizi ndilo lililojengwa upya.

Lakini mhakiki asiyetaja kasoro za jambo alipendalo ni msifaji tu. Zizi lile jipya lilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, nguzo zake zilisimama juu ya nia njema ya watu wachache zaidi ya kusimama juu ya mwamuzi aaminiwaye. Uchaguzi wa 25 Oktoba 2015 ulipofanyika, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi aliufuta tarehe 28, kabla ya matokeo kutimia. CUF walisusa uchaguzi wa marudio wa 20 Machi 2016, Dr. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na umoja ukavunjika kwa miaka kadha. Desemba 2020 Maalim Seif, ambaye sasa alikuwa wa ACT-Wazalendo, alikubali tena kuwa Makamu wa Kwanza. Akafariki dunia tarehe 17 Februari 2021. Mtu mwema hufa. Sheria njema yaweza kumrithi, lakini iandikwe naye angali hai, na itiiwe hata isipompendeza mwenye nguvu. Pili, wote wakiketi katika sinia moja, nani atauliza wali umepungua kwa nini? Chama cha pili kina kazi yake, nayo ni kukagua, kuuliza, na kukaa tayari kushika usukani wakati wake utakapofika. Kikishibishwa mpaka kikasinzia, hicho ni kivuli cha chama.

Na sisi wa bara tusijione salama. Katika uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 Chadema, chama kikuu cha upinzani, hakikuwamo katika karatasi ya kura, na aliyeshinda urais alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Fahali alikuwa kama mmoja. Hata hivyo siku ile damu ilimwagika katika miji yetu, na wazazi walizika watoto wao. Asemaye ya kuwa amani hupatikana kwa kumwondoa mmoja, na atueleze siku ile.

Iko methali ya pili, ndugu ya hiyo ya kwanza, isemayo ya kuwa mafahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Hii nayo twaipenda mno, kwa sababu yatuondolea lawama. Nyasi hazina hatia, lakini pia hazina kura, wala hazipigi makofi fahali amtukanapo mwenziwe. Sisi tulipiga makofi. Tuliacha kununua samaki kwa jirani kwa sababu ya rangi ya bendera juu ya paa lake. Wako waliokataa kuzikana. Aliyeyafanya hayo na asijiite nyasi.

Kwa watu wa pwani uko mfano ufaao kuliko ule wa zizi. Ngalawa yetu ina mirengu miwili, ile miti ikaayo ubavuni, mmoja kulia na mmoja kushoto, nayo huizuia isipinduke. Haigusani, wala haipendani, lakini yote miwili imefungwa katika gogo moja. Upepo ukigeuka, uliokuwa juu huwa chini, na uliokuwa chini huwa juu, na safari yaendelea. Nahodha akikasirikia mmoja akaukata, hatafika Nungwi. Ndivyo vilivyo vyama viwili vyenye afya: kila kimoja kina upande wake na zamu yake ya kuzama, na vyote viwili vimefungwa kwa kamba moja ya sheria ambayo hapana mmoja awezaye kuikata peke yake.

Basi tufanye nini sisi tusio na Ikulu? Tuanze na yaliyo karibu. Katika mkutano mkuu wa kijiji, mtu aulizaye mapato na matumizi tusimwite adui wa mwenyekiti; amefanya kazi ambayo sote twaifaidi. Tukichagua wazee wa kanisa, kura zihesabiwe mbele ya macho ya wote, na aliyeshindwa apewe mkono kwanza, kabla ya aliyeshinda kupigiwa vigelegele. Mbele ya meza ya Bwana hupiga magoti watu wa vyama vyote. Wakiondoka pale wakatukanana sokoni, dunia itauliza walipiga magoti kwa ajili gani.

Nasi walimu tunao wajibu wetu. Hatuwezi kuifuta methali ya wazee, wala hatuna haki ya kuifuta, kwa kuwa ni kweli mahali pake. Lakini tuiandikapo ubaoni, tusiwaambie watoto wamalizie tu maneno yaliyosalia. Tuwaulize: zizi hili lilijengwa na nani, na limekosa mlango gani? Mtoto atakayezoea kuuliza hivyo hatakubali, akiwa mtu mzima, kuambiwa ya kuwa hakuna njia ila mmoja afe.

Mwalimu,
Mkwaja, Pangani.