Maji ya Mwarobaini na Kucha Zilizokatwa

Vinaanza puani au pembeni mwa mdomo wa mtoto, vipele vidogo vyenye majimaji. Kesho yake vimepasuka na kufunikwa na magaga ya rangi ya asali. Keshokutwa vimehamia kwenye kiwiko na nyuma ya sikio, kwa sababu mkono ulikuna pua kisha ukakuna na huko. Wiki ya pili mdogo wake naye anavyo. Mama amepaka kila malhamu aliyoshauriwa dukani, ikiwemo ile ya fangasi na ile inayochubua ngozi. Vidonda vinatulia siku mbili, vinarudi. Hapo ndipo jirani humwambia, "Mpeleke kwa bibi."

Bibi ninayemzungumzia hapa anakaa Ngamiani, Tanga. Hana kibao mlangoni wala kofia ya manyoya, na ukimwita mganga atakukatiza. Yeye anaosha ngozi za watoto, basi, kazi aliyofundishwa na mama mkwe wake. Nimekaa barazani kwake nikimtazama, na nilichokwenda kukiona, yaani majani, ndicho alichochelewa kukigusa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nipe mikono yako."

Mikono anayoiomba ni ya mama, si ya mtoto. Anaigeuza, anatazama katikati ya vidole, kwenye viganja, kwenye vifundo. Kisha anauliza mtoto analala na nani, na kama huyo anayelala naye hujikuna usiku. Ndipo anamvua mtoto shati na kumtazama kwapani, kiunoni, matakoni. Anatafuta upele, ule wa utitiri unaochimba vijia chini ya ngozi. Akiuona, anajua kwamba vidonda vya usaha vimekuja juu ya kitu kingine, na kwamba hata akimwosha mtoto mwezi mzima ni kazi bure ikiwa kitandani wanalala wanne na wote wana upele. Hao anawatuma kituo cha afya wote kwa pamoja, baba akiwemo, wakapewe dawa siku moja.

Mbinu hiyo ina ushahidi mzito nyuma yake, ingawa bibi hakuipata kwenye utafiti. Katika visiwa vya Fiji watafiti waliwapa watu wa jamii nzima vidonge vya ivermectin, wenye upele na wasio nao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya mwaka mmoja upele ulikuwa umepungua kwa asilimia 94, na vidonda vya usaha, ambavyo dawa ile haikukusudiwa kuvitibu, vilipungua kwa asilimia 67. Ngozi iliyoacha kukunwa haikuwapa bakteria mlango.

Akimaliza kutazama anatenga. Mapunye ya kichwani hayashiki, na choa pia, akisema hizo ni dawa nyingine. Malengelenge ya tetekuwanga anayaacha yapite. Ukurutu wa kwenye mikunjo ya viwiko, ule unaokuja na kuondoka tangu mtoto akiwa mchanga, anaupaka mafuta tu. Ni vile vya magaga ya rangi ya asali ndivyo anavyovipokea, na majipu.

Sasa ndiyo majani. Mwarobaini uko uani kwake, kama ulivyo kwenye nyua nyingi za miji ya pwani tangu mti huo uletwe kutoka Bara Hindi. Hachukui vichipukizi vyekundu vya nchani. Anavunja vitawi vyenye majani yaliyokomaa, ya kijani kizito, upande wa ndani ambako vumbi la barabara halifiki. Anayasuuza mara mbili. Anayachemsha katika sufuria yenye kifuniko mpaka maji yawe rangi ya chai nzito, anayaepua, anatia chumvi kidogo, anayaacha yapoe yenyewe. Kuyapooza kwa maji ya mtungi ni mwiko kwake, kwa kuwa maji ya mtungi hayakuchemka. Anayapima joto kwa ndani ya kiwiko. Yaliyobaki jioni yanamwagwa, hata yakiwa sufuria nzima.

Pembeni kuna vipande vya kanga kuukuu, vilivyochemshwa, vikaanikwa juani, vikakunjwa ndani ya bakuli lenye kifuniko. Anachovya kipande, anakikamua nusu, anakilaza juu ya gaga. Halafu anangoja.

Hapo ndipo penye ufundi wote, na ndipo pagumu kupaeleza kwa sababu hapana kinachotokea. Mtoto anafurukuta. Mama ananyoosha mkono abandue, na bibi anausukuma mkono ule taratibu. Anamsimulia mtoto habari za sungura na fisi, anabadilisha kipande kikipoa, anaendelea na hadithi. Gaga ambalo dakika chache zilizopita lilikuwa gumu linakuwa jeupe pembeni, linavimba, linaachia. Analifuta mara moja, kwa mkupuo mmoja, na kipande kile kinaingia kwenye beseni la pili. Kipande kilichogusa kidonda hakirudi kwenye bakuli la maji, na kidonda cha pili kina kipande chake. Gaga lisiloachia haling'olewi, linangojewa jioni. Nilimwona binti mmoja anayejifunza kwake akilibandua moja kwa ukucha, damu ikatoka. Bibi hakumkaripia. Alimwambia aanze upya na mtoto yule kwa hadithi nyingine.

Baadaye anakausha kwa kugusagusa, bila kusugua, na kupaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe kwa tui mpaka mafuta yakajitenga na machicha yakaungua kidogo, yaliyotiwa manjano. Anapaka kwa wepesi sana. Mafuta mengi, anasema, yanafungia jasho. Akimaliza anachukua wembe mpya na kukata kucha za mtoto, zote ishirini, halafu za mama. Mwisho anatoa amri za nyumbani: shuka na kanga za kulalia zichemshwe na kuanikwa juani, taulo la mtoto lisiguswe na mwingine, mikono kwa sabuni kila wakitoka chooni na kabla ya kumshika mtoto. Warudi asubuhi na jioni. Anayekosa jioni mbili hamwoshi tena mpaka aeleze kwa nini.

Kijidudu cha ndani ya kidonda kilionekana kwa hadubini muda mrefu uliopita. Mwaka 1880 daktari wa upasuaji wa Aberdeen, Alexander Ogston, alichunguza usaha wa majipu akaona vijidudu vya duara vilivyosongamana kwa vishada. Ndio tunaoita stafilokokasi. Pamoja na jamaa zao streptokokasi, ndio wanaotengeneza magaga haya duniani kote. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2015 yalisema kwamba wakati wowote ule watoto zaidi ya milioni 162 wanakuwa na vidonda hivi, wengi wao katika nchi za joto na zenye kipato kidogo. Usugu unaolalamikiwa na akina mama una sababu nyingi, na dawa kushindwa ni moja tu kati yake. Takriban mtu mmoja kati ya watatu hubeba stafilokokasi puani bila kuumwa chochote, na vijidudu hivyo humrudia mtoto kupitia kidole na taulo. Wapo pia waliozoea dawa kweli: aina isiyosikia methicillin iliripotiwa Uingereza mwaka 1961, muda mfupi baada ya dawa hiyo kuanza kutumika.

Na majani je? Nitasema ninavyoona. Dondoo la mwarobaini huzuia stafilokokasi kwenye sahani za maabara, jambo lililoonekana mara nyingi, lakini sahani haina mtoto anayekuna. Huko India kundi la wagonjwa 814 wa upele walipakwa mwarobaini uliosagwa na manjano, na taarifa iliyochapishwa mwaka 1992 ikasema asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha, na ule ulikuwa upele wa utitiri, si vidonda vya bakteria. Mafuta ya nazi yana hoja ya kusikilizwa zaidi. Karibu nusu ya asidi zake za mafuta ni asidi ya lauriki, na nchini Ufilipino watu wazima wenye ukurutu walipopakwa mafuta ya nazi yasiyosafishwa kiwandani, kati ya 20 waliokuwa na stafilokokasi kwenye ngozi alibaki nao mmoja tu. Waliopakwa mafuta ya zeituni walibaki nao nusu. Watu wazima, na wachache. Mimi naliheshimu jani, ila siamini kwamba ndilo linaloponya peke yake, na kama ningelazimishwa kuligawia sehemu yake ningeligawia ndogo.

Sehemu kubwa ningeipa sabuni. Jijini Karachi, katika mitaa ya watu wa hali ya chini, watafiti waligawa sabuni na kuhimiza familia kunawa. Matokeo yao ya mwaka 2005 yalionyesha vidonda hivi vya magaga vikipungua kwa asilimia 34 kwa watoto, pamoja na kuharisha na nimonia kupungua kwa karibu nusu. Nusu ya familia zilizopewa sabuni zilipata yenye dawa ya kuua bakteria na nusu sabuni ya kawaida, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Tangu nijue habari hiyo, ninapomtazama bibi akikata kucha na kuulizia mashuka, naona kwamba amri zile anazozitoa mwishoni, mtoto akiwa tayari anavaa shati, ndizo uti wa mgongo wa kazi yake. Akina mama husimulia majani mtaani kwa sababu majani ndiyo yenye uchungu na harufu.

Majipu anayashughulikia kwa maneno machache zaidi. Anakanda kwa kitambaa cha moto, au anapasha jani la mbarika juu ya makaa na kulilaza juu ya uvimbe. Jipu ambalo halijaiva haliguswi. Likiiva linapasuka lenyewe, linafutwa, linafunikwa. Jipu la puani au la mdomo wa juu halikamuliwi hata likiiva, na hapo madaktari wanakubaliana naye kabisa, maana mishipa ya eneo hilo inaelekea ndani ya kichwa.

Kuna watoto anaowakataa barazani. Mtoto mchanga wa wiki chache mwenye malengelenge ya usaha hamshiki. Anasimama yeye mwenyewe na kumwitia mama pikipiki. Mwenye homa, mwenye wekundu unaotambaa kulizunguka jeraha, mwenye mtoki uliovimba na kuuma, anayekataa kula: hao nao ni wa hospitali. Aliyeoshwa siku tatu bila vidonda kupungua anatumwa akapewe antibiotiki, na bibi haoni hilo kuwa aibu. Hata malhamu ya mupirosini, ambayo kwa vidonda vichache ndiyo yenye ushahidi bora, anaijua kwa umbo la kasha lake. Na wiki kadhaa baada ya ngozi kupona huwa anamuuliza mama jambo linaloshangaza wengi: je, mtoto anaamka macho yamevimba, mkojo wake umekuwa mweusi? Streptokokasi wa ngozini wanaweza kuacha nyuma ugonjwa wa figo unaojitokeza vidonda vikiwa vimeshasahaulika. Mama mkwe wake hakujua figo, ila alijua kuuliza mkojo.

Wala hampi mtoto kitu cha kunywa. Hapo anatofautiana na wauzaji wa stendi wenye madumu ya maji ya kijani na orodha ya magonjwa iliyobandikwa kwenye mwavuli, na mimi niko upande wake bila kusita. Mwaka 1981 madaktari nchini Malaysia waliripoti watoto wachanga 13 waliopewa mafuta ya mwarobaini kwa mdomo. Walitapika, wakapata degedege na kupoteza fahamu, ini na ubongo vikiwa vimeathirika. Mti ule ule. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002 na baraza la kuisimamia, na huko Muhimbili mimea ya dawa imekuwa ikichunguzwa tangu miaka ya sabini, lakini dumu la stendi bado linauzwa.

Kama ningekuwa na fedha za utafiti ningezileta Ngamiani, nisipime jani kwenye sahani. Ningewagawa watoto kwa kura: wengine waoshwe kwa maji ya mwarobaini jinsi bibi anavyoosha, wengine kwa maji yaliyochemshwa tu lakini kwa kungojewa kule kule na vipande vile vile vya kanga, wengine wapewe malhamu ya hospitali. Nilimweleza bibi jambo hili. Alikubali, akaweka sharti moja: watoto wa makundi yote wakatwe kucha na mashuka yao yachemshwe, maana hawezi kumwacha mtoto wa mtu ajikune kwa ajili ya hesabu. Nikamwambia kwamba hapo huenda makundi yote yakapona sawasawa, na tusijue jani limefanya nini. "Si watakuwa wamepona?" akasema, na kumwita mtoto aliyefuata.