Freya+ Yatua Kigombe: Priampu Moja, Sebule na Baraza Pamoja

Jamani, imefika! Freya+, priampu ya Schiit Audio wa Marekani, iko mezani kijijini Kigombe, mkoani Tanga. Imewashwa, valvu zake nne zimeiva rangi ya chungwa, na mziki unatoka sebuleni na barazani kwa mkupuo mmoja. Bado naisikiliza, bado nahamisha waya huku na huku, lakini kungoja nimalize ndipo niandike kumenishinda.

Mwenye nayo ni binamu yangu anayefanya kazi Muscat. Kaja nayo likizo, na alikuwa makini kuagiza toleo la volti 230, kwa sababu Schiit wanauza pia la volti 115 kwa soko la Marekani. Hilo la Marekani ukilichomeka kwenye soketi zetu bila transfoma, umeliaga. Anayeagiziwa kifaa na ndugu wa ng'ambo aanze kwa kuuliza volti. Habari za sauti zitafuata.

Nyumba yenyewe ni ya familia, kwenye njia ya kuteremkia pwani. Sebuleni kuna amplifaya ya nguvu na spika za kusimama. Barazani, wanakokaa wazee na kahawa yao na wavuvi wanaotoka majini, kuna amplifaya ya shughuli na spika mbili kubwa za kumbini. Kati ya meza ya priampu na amplifaya ya barazani, waya unazunguka ukuta mzima: mita 20 hivi. Hizo mita 20 ndizo zinazoamua priampu gani inunuliwe.

Wengi wetu tukitaka kulisha amplifaya mbili tunashika waya wa kugawa, huu wa jeki moja kuzaa mbili, au kale kaboksi ka volyumu kasikotumia umeme. Vyote viwili vinafanya kazi mezani. Vivute mpaka barazani uone. Chukua kaboksi kenye poto (kizungusho cha volyumu) ya omu 50,000. Ikiwa katikati ya nguvu yake, ukinzani wake wa kutolea sauti unafika omu 12,500. Waya wa kawaida wa RCA una kapasitansi ya takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, kwa hiyo mita 20 zinakupa 2,000. Piga hesabu: sauti inaanza kushuka kwenye hezi 6,400. Juu ya hapo ndiko inakokaa mikwaruzo ya upinde kwenye fidla, vumbi la matoazi, na "s" ya mwimbaji. Zote zinafifia ndani ya waya. Halafu kuna mzigo: amplifaya ya omu 47,000 na nyingine ya omu 10,000, ukiziunganisha pamoja, priampu inaona kama omu 8,200 tu. Mafundi hupenda ukinzani wa kutolea usizidi sehemu ya kumi ya mzigo. Kaboksi hakafiki hata karibu.

Sasa tazama mgongo wa Freya+! Ina jozi mbili za RCA na jozi moja ya XLR, na zote zinatoa sauti kwa pamoja. RCA fupi inaingia amplifaya ya sebuleni. XLR inakwenda barazani. Kwenye XLR nyuzi mbili zinabeba sauti ileile, moja ikiwa kinyume cha mwenzake. Uchafu wa umeme ukiingia njiani unazipata zote sawasawa, na amplifaya ya mwisho inachukua tofauti yao tu, uchafu unafutika. Tulipitisha waya ule karibu na jokofu, kwa makusudi kabisa. Kimya! Spika za barazani zilikuwa kimya kiasi cha kusikia watu wakivuta mashua ufukweni.

Volyumu yenyewe ni raha peke yake. Haina poto ya kusugua, ina rilei zinazopanda ngazi 128, na kila ukizungusha unasikia tak-tak-tak ndani ya boksi. Huku kwetu hewa ya chumvi inazitafuna poto. Baada ya misimu michache zinakwaruza, au spika ya kushoto inatangulia na ya kulia inachelewa. Kwenye Freya+ kushoto na kulia vilikwenda sambamba hata sauti ikiwa chini kabisa, usiku, watoto wamelala. Rimoti imo.

Kuna namna tatu za kusikiliza: kupitisha sauti bila kuongeza kitu, kupitia bafa inayoipa sauti nguvu ya kusukuma waya, na kupitia valvu. Tuliweka Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya Tanga, kutoka mkusanyiko wa Nyota uliotolewa na GlobeStyle wa London. Ni taarab iliyoingiza gita la umeme na besi mahali pa okestra kubwa, na besi ile ndiyo mtihani. Katika namna ya kwanza ilikuwa safi lakini nyembamba kidogo huko barazani. Bafa ikaipa miguu. Kisha binamu akabonyeza valvu. Sauti ya Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani hapo kusini yetu, ikatoka mbele ya spika ikasimama! Gita likapata mwili, besi ikatembea noti kwa noti, na mzee mmoja akaweka kikombe chini akauliza ni nani aliyeleta watu waimbe.

Valvu ni 6SN7, aina inayotumika tangu miaka ya 1940 na ambayo mpya zake bado zinatengenezwa. Kila moja inakula ampea 0.6 kwa volti 6.3 kupasha moto tu, hivyo nne ni kama wati 15 za joto mfululizo. Usiifunike kitambaa cha kufuma, na usiibane kabatini. Ukirudi kwenye bafa, valvu zinajizima zenyewe; uamuzi mzuri sana kwa wanaoacha mziki ukicheza mchana kutwa.

Kinachokosekana ni kitufe cha kila upande. Volyumu ni moja kwa matokeo yote, na XLR inatoka na nguvu mara mbili ya RCA, yaani desibeli 6 zaidi. Kwa hiyo amplifaya moja iwe na vidhibiti vyake. Ya shughuli inavyo: tulisikiliza sebuleni kwanza, tukaipunguza ya barazani mpaka zikalingana. Ukitaka baraza inyamaze, zima amplifaya yake. Washa priampu kwanza na amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume chake, la sivyo spika zitapiga kishindo. Na ukisikia mvumo kwa sababu vifaa vimechomekwa soketi tofauti, nunua transfoma ya kutenganisha mawimbi. Waya wa ethi usiukate kamwe.

Asiye na bei ya Freya+ atazame miksa ndogo ya Yamaha MG06, yenye matokeo ya XLR na ya jeki kubwa kwa pamoja. Haina valvu wala rimoti, lakini mita 20 haziisumbui, na ningeichagua mbele ya kaboksi kokote kasikotumia umeme.

Binamu anarudi Muscat baada ya Idi na amekubali Freya+ ibaki Kigombe. Safari ijayo ataleta akiba. Nimeshamwandikia kwenye karatasi: 6SN7, nne, na pini za XLR zilizopakwa dhahabu kwa ajili ya hii chumvi yetu.