Orodha Ubaoni: Uhakiki wa Ufundishaji wa Vitenzi Virai vya Kiingereza Mpakani Busia na Tororo

Makala hii inahakiki namna vitenzi virai vya Kiingereza vinavyofundishwa katika shule za sekondari za eneo la Busia na Tororo, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Kwa vitenzi virai nina maana ya vile vitenzi vinavyoundwa na kitenzi cha kawaida pamoja na neno dogo moja au mawili yanayokifuata, kama give up, put off, look after na put up with. Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini katika kipindi cha Kiingereza. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya msaada ambao mwanafunzi anauhitaji katika kipindi hicho anao tayari mdomoni mwake, na anakatazwa kuutumia.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya upande wa Kenya ambayo sitaitaja jina. Kipindi changu cha Kiswahili kilifuata kile cha Kiingereza, kwa hiyo mara nyingi niliingia darasani kabla ubao haujafutwa. Siku moja nilikuta orodha ya put: put on, put off, put out, put up, put up with, put down, put across, put aside, put away, put through. Mbele ya kila kimoja kulikuwa na neno moja la Kiingereza la kukifasiri. Wanafunzi walikuwa wamenakili yote. Nikamwuliza mmoja, kwa udadisi tu, put off maana yake nini. Akajibu haraka: kuzima taa. Ubao ulisema postpone, yaani kuahirisha. Hakukosea. Mpakani petu put off the light ndiyo lugha ya kila nyumba, kwa mwalimu na kwa mzazi pia. Ila maana aliyokuja nayo kutoka nyumbani haikupewa nafasi ubaoni, na ile ya ubaoni haikupata pa kushika kichwani mwake.

Hapo ndipo kosa la kwanza la orodha. Inapanga vitenzi kwa neno la kwanza, yaani put, neno ambalo kwa mwanafunzi halina maana yoyote ya kutofautisha kimoja na kingine. Vyote kumi vinafanana mwanzo, vinatofautiana mwisho, na mwisho ndio usiofafanuliwa. Hata kitabu maarufu cha Raymond Murphy, English Grammar in Use, ambacho wengi wetu tumekipitia, hakifanyi hivyo katika sura zake za mwisho. Kinavikusanya vitenzi hivi kwa neno dogo: vya in na out pamoja, vya on na off pamoja, vya up na down pamoja. Akivisoma kwa mpangilio huo, mwanafunzi huanza kuona kwamba up katika eat up, use up na finish up ina kazi moja, ya kuonyesha kwamba jambo limefika mwisho wake, hakikubaki kitu.

Kosa la pili ni wingi. Mwaka 2007 Dee Gardner na Mark Davies walichunguza British National Corpus, mkusanyo wa maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, wakakuta kwamba vitenzi 20 tu, vikiungana na maneno madogo 8, vinachukua zaidi ya nusu ya matumizi yote ya vitenzi virai humo. Mwaka 2015 Mélodie Garnier na Norbert Schmitt walitoa orodha ya vitenzi virai 150 vinavyotumika zaidi, na kila kimoja wakakipa zile maana chache tu ambazo msomaji hukutana nazo mara nyingi. Sasa linganisha na daftari la mwanafunzi wa kidato cha tatu lenye mamia ya vitenzi, vingine ambavyo mwalimu wake mwenyewe hajawahi kuvitumia katika mazungumzo. Nani alichagua, na kwa kigezo gani?

Nadhani aliyechagua ni mtihani. Katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, sehemu ya sarufi, mtahiniwa hupewa mara kwa mara sentensi zenye neno lililopigiwa mstari, atakiwe kuliondoa na kuweka kitenzi kirai chenye maana hiyohiyo. Upande wa Uganda, mitihani ya UNEB inapenda zoezi la kuandika upya sentensi kama ilivyoelekezwa. Mazoezi yote mawili yanamzoesha mwanafunzi kuona kitenzi kirai kuwa kisawe cha neno jingine: tolerate ni put up with, basi. Haulizwi nani husema put up with, kwa nani, wala katika hali gani. Jambo la ajabu ni kwamba safari yenyewe imegeuzwa. Mtoto wa London husikia put off kwao kabla ya kwenda shule, akaja kukutana na postpone vitabuni. Mtoto wa Busia hukutana na postpone kwanza, katika matangazo na vitabu, kisha anaambiwa atafute put off ili apate alama. Kwake Kiingereza rasmi ndicho cha kawaida, na Kiingereza cha mazungumzo ndicho kigeni. Vitabu vya kigeni, hata vile vizuri, haviandikwi kwa kumfikiria mwanafunzi wa aina hii.

Tusidhani ni suala la alama peke yake. Malaba ya Uganda iko wilaya ya Tororo na Malaba ya Kenya iko kaunti ya Busia. Katikati yao, kama ilivyo katika miji pacha ya Busia, hupita malori ya mizigo usiku na mchana. Vijana wengi wa hapa wanamaliza shule wakitarajia kazi kwa mawakala wa forodha, katika maghala au katika biashara ya kuvuka mpaka. Mfanyabiashara akiletewa ujumbe kwamba the lorry was held up at Malaba, inambidi ajue kama lori limecheleweshwa au limeporwa, kwa sababu held up ina maana zote mbili. La kwanza linataka subira, la pili linataka polisi. Nilipoiandika sentensi hiyo ubaoni mwishoni mwa kipindi changu kimoja, jibu lililopata wafuasi wengi lilikuwa kwamba lori liliinuliwa juu. Kwa kufuata neno kwa neno, walikuwa sahihi kabisa.

Sasa nije kwenye Kiswahili. Kila mwanafunzi aliyesoma unyambuaji wa vitenzi anajua kwamba kiambishi kidogo mwishoni mwa mzizi hubadilisha maana, na kwamba mara nyingine maana huruka mbali na pale ilipoanzia. Enda huzaa endelea. Mwingereza ana go, naye husema go on. Pata huzaa patana, kama vile get inavyozaa get along. Tazama huzaa tazamia, na look hutoa look forward to. Pita na pitia, go na go through. Shika na shikilia, hold na hold on. Toka na tokea: mgeni ambaye hakutarajiwa ametokea mlangoni, he has turned up. Hakuna anayemfundisha mtoto wa Kiswahili kwamba endelea ni enda pamoja na kitu fulani. Amelipokea neno zima, na akifika darasani kwetu ndipo anapokuja kuona kiungo chake. Hilo ndilo zoea ambalo kipindi cha Kiingereza kingepaswa kuanzia nalo. Kwa dakika kumi tu za kulinganisha endelea na go on mwanafunzi anatambua kwamba Waingereza hawakubuni maajabu, wana ufundi kama wake, ila wao kiungo wanakiandika mbali na kitenzi.

Tuna pia nahau zetu za piga. Simu, pasi, picha, kura, magoti, hodi, mswaki na marufuku, vyote vinapigwa, na hakuna kinachoumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili akipewa orodha ya piga bila muktadha hulalamika vilevile tunavyolalamikia put.

Ulinganisho huu una mipaka, na mwalimu asipoitaja atawapotosha watoto. Kiambishi cha Kiswahili hakiachani na mzizi wake. Kiingereza kinaruhusu pick up the child na pick the child up, lakini yambwa ikiwa kiwakilishi lazima ikae katikati: pick her up. Kiswahili hakina mfano wa kanuni hiyo, kwa hiyo ifundishwe yenyewe, kwa mazoezi mengi ya mdomo. Vilevile si kila jozi inalingana: simamia haina uhusiano na stand up, na lea, ambayo ni bring up, haikutokana na leta.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu zaidi, nalo linatoka upande wa Tororo. Kisamia ni Kibantu na kina unyambuaji kama wetu, lakini Ateso na Dhopadhola ni lugha za Kiniloti. Je, mtoto wa Tororo atasaidiwa vipi na kauli ya kutendea? Ateso ina viambishi vya kitenzi vinavyoonyesha mwendo wa kuja kwa msemaji au wa kumwacha, jambo ambalo kwa kweli liko karibu na away na back kuliko chochote tulicho nacho katika Kiswahili. Mwalimu anayeijua lugha hiyo ana hazina mkononi. Isitoshe, tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze Uganda mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mtoto huyo anasoma viambishi vya Kiswahili na vitenzi virai vya Kiingereza katika wiki moja, pengine siku moja, na walimu wake wawili hawajawahi kukaa meza moja kuzungumza juu ya jambo hilo.

Baadhi ya wahadhiri wetu watasema kwamba lugha nyingine ikiingia katika kipindi cha Kiingereza itakiharibu. Shule nyingi bado zinaadhibu anayesema lugha ya nyumbani. Utafiti ninaoufahamu hauungi mkono hofu hiyo. Mwaka 2008 Batia Laufer na Nany Girsai waliwafundisha wanafunzi wa sekondari wanaozungumza Kiebrania msamiati wa Kiingereza kwa njia mbalimbali, na kundi lililolinganisha lugha mbili na kutafsiri liliyashinda makundi mengine. Kabla ya hapo, mwaka 1985, Laufer huyohuyo na Menachem Dagut walionyesha kwamba wasemaji wa Kiebrania huvikwepa vitenzi virai kwa sababu lugha yao haina umbo hilo. Wanafunzi wetu pia wanakwepa. Soma insha zao uone idadi ya tolerate na postpone.

Limebaki suala la Kiingereza chenyewe cha hapa. Afrika Mashariki husema pick my call na pick me from the stage bila up, na husema cope up with kwa kuongeza up ambayo Mwingereza haweki. Walimu hukata alama na kuandika neno moja pembeni: wrong. Mimi sioni ujinga katika pick my call. Mamilioni wanaelewana nayo, na pokea simu yetu haihitaji kiungo. Lakini mtihani unadai pick up, na barua ya kuomba kazi nje ya eneo hili inaidai pia. Mwanafunzi aambiwe ukweli huo wote, nani anasema nini na wapi. Alama nyekundu peke yake inamfundisha kwamba baba yake hajui Kiingereza.

Watunzi wa mitihani wangeweza kuanza na badiliko dogo. Badala ya sentensi yenye tolerate iliyopigiwa mstari, watoe mazungumzo mafupi ya dereva na wakala wake kwa simu, wakala akisema lori limekuwa held up tangu asubuhi, kisha wamwulize mtahiniwa: dereva yuko salama au hayuko, na umejuaje?