Mbuzi wa Moshi: Bango Bado, Nyama Tayari

Anza na mbavu. Usiulize menyu, usiulize kuku, usiulize chipsi mayai; hazipo, na Mungu awabariki kwa hilo. Sema tu, "Mbavu kilo moja, kidari nusu," kisha vuta kiti, agiza kinywaji, jiandae kusubiri. Choma hii mpya imefunguliwa pembeni kidogo ya mji wa Moshi, upande wa barabara iendayo Arusha, na hata bango haijatundika. Bango lenyewe nimeliona limeegemezwa ukutani nyuma ya bucha, rangi haijakauka, limeandikwa maneno mawili tu: MBUZI CHOMA. Jina watalitafuta baadaye. Wateja wameshawapa lao, "pale mwembeni," na ukimtamkia hivyo dereva wa bodaboda hakuulizi wapi, anawasha.

Ninaandika haya shati bado linanuka moshi, na nitasema wazi: mjini hapa sijala mbuzi wa namna hii kwa miaka mingi! Aliyekulia Kilimanjaro anajua shida ilipo. Nyama ya maana ilikuwa ya kuifuata. Uende Weruweru siku ya mnada, au Kwa Sadala siku ya soko, au usubiri Desemba, Wachaga warudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, ndipo mjomba akumbuke kuchinja. Mjini tulibaki na choma za haraka haraka, nyama iliyolala kwenye tangawizi, kitunguu saumu, papai bichi na viungo vya paketi mpaka humjui mbuzi wala ng'ombe. Papai linalainisha, sikatai. Likizidi, unatafuna uji wenye mifupa.

Mwembeni kuna chumvi. Basi. Chumvi iliyoyeyushwa kwenye maji, ikatiwa kwenye chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko kwa msumari, na mchomaji anairushia nyama kila anapoigeuza: shaa, shaa, halafu sauti ya mkaa ukijibu. Hiyo ndiyo siri yote ya viungo vyao. Siri ya pili iko kwenye jiko.

Hilo jiko nililisimamia kama mkaguzi. (Mchomaji hakujali, nadhani ameshazoea watu wa aina yangu.) Limejengwa kwa matofali, refu, na mkaa haukumwagwa ovyo. Upande mmoja umerundikwa na unawaka kwelikweli. Upande wa pili umetandazwa mwembamba na kufunikwa majivu, ukiweka kiganja juu yake unaweza kuvumilia kidogo. Mbavu zinaanzia huku kwenye joto la upole, mifupa ikiwa chini, ili moto ukutane na mfupa kabla ya mnofu. Mbuzi hana mafuta mengi ndani ya mnofu kama ng'ombe aliyenona. Ukimpiga moto mkali tangu mwanzo anakakamaa nje, ndani bado anavutika, nawe unaondoka na maumivu ya taya. Zile nyuzi ngumu zinazoshikilia nyama zinahitaji muda mrefu kwenye joto la kama nyuzi 70 na kuendelea ndipo zilegee na kuwa ute. Hakuna njia ya mkato, na huyu bwana hata hajaribu kuitafuta.

Mwishoni, mwishoni kabisa, anazihamishia upande wenye moto. Hapo ndipo unapotakiwa kuwa karibu! Uso wa nyama umeshakauka, joto linapita nyuzi 140, na rangi inaanza kugeuka mbele ya macho yako, kutoka kijivu kwenda dhahabu, kutoka dhahabu kwenda kahawia, na harufu inatoka mpaka watu wa meza za mbali wanageuza shingo. Mafuta yakidondoka na ndimi za moto zikiruka, hamwagi maji, maana maji yangerusha majivu yote kwenye nyama. Anaisogeza pembeni, anangoja moto utulie, anairudisha. Kazi ya subira tupu.

Subira ambayo si kila mteja anayo. Jamaa wa meza ya jirani alishamaliza soda yake, akapaza sauti: "Mangi, hizo mbavu zimelala huko?"

"Zinakuja, mkuu," mchomaji akajibu bila kugeuka. "Nikikuletea sasa hivi utanirudishia."

Zikaja. Kwanza dada mhudumu alipita na jagi la maji ya moto, beseni na sabuni, tukanawa mezani kama inavyotakiwa. Kisha mbavu zikakatwa juu ya gogo, tak tak tak, zikaletwa kwenye ubao zikiwa na kilima kidogo cha chumvi, ndimu zilizopasuliwa na pilipili mbuzi nzima. Nikachukua ubavu mmoja kwa mkono. Utando wa nje ukavunjika kwa sauti, kweli kwa sauti, na chini yake mnofu ukaachia mfupa bila kubembelezwa. Ute midomoni. Chumvi kwanza, halafu utamu wa nyama yenyewe, halafu moshi ukaja taratibu nyuma ya ulimi. Jamani! Jirani aliyekuwa akilalamika akanyamaza kabisa, na nilipomtazama alikuwa amefumba macho.

Kidari nacho kina habari yake. Hapo ndipo mafuta ya mbuzi yalipokaa, tabaka la mafuta, tabaka la nyama, na kikichomwa pole pole mafuta yanayeyuka na kuilowanisha nyama yenyewe kwa yenyewe. Mguu niliuonja kutoka ubao wa watu wengine (tulishafahamiana kufikia hapo). Ni mzuri, mkavu kidogo, ninawaachia wanaopenda mnofu mtupu.

Ndizi ni mzuzu zilizoanza kuiva, zimechomwa mpaka kingo zikapata weusi. Zilichelewa, zikafika nyama iko nusu, na hilo warekebishe. Kachumbari ni ya kawaida. Muziki baada ya saa moja usiku unapandishwa mno, na viti vya plastiki vingine vina mguu mmoja wenye mashaka. Nimeyataja ili nisiambiwe nimelipwa.

Bucha iko mbele, yenye kioo, na mapaja yananing'inia yakiwa na muhuri wa mkaguzi wa nyama, ule wino wa zambarau usiofutika. Unachagua mwenyewe, inapimwa ukiona, ndipo inapelekwa jikoni. Kilo ilikuwa Sh 18,000 nilipokwenda, ikiwa mbichi kwenye mizani, kwa hiyo usishangae ubaoni ikionekana ndogo. Moto hula maji yake. Kwa wawili wenye njaa ya kweli, kilo na nusu inatosha na ndizi.

Na sijafika kwenye kisusio! Jumamosi asubuhi wanatoa supu ya mbuzi, na kwa wanaokijua wanapika kisusio chenyewe, kile cha Kichaga chenye damu, kizito, cheusi, kinachowekwa mbele ya wazee kwa heshima. Mzee mmoja aliyekuwa na bakuli lake pembeni nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia nivute kiti. Nilivuta. Anayesita kuhusu damu aagize mtori, wa ndizi mshare zilizopondwa na nyama ya mfupa, wala hatakuwa amepungukiwa na kitu. Ukibahatika asubuhi iwe na anga safi, kilele cha Kibo kinaonekana juu ya paa la bucha, na mbele yako bakuli linafuka mvuke.

Wenye harusi sikilizeni: wanaandaa pia ndafu, mbuzi mzima, kwa oda. Nilimwona mmoja akitolewa, amepambwa majani mdomoni, tayari kwenda ukumbini kukatwa kama keki, na waliombeba walikuwa wakipigiwa honi na magari yanayopita. Oda inataka siku mbili kabla na malipo ya nusu. Siku za kawaida, fika kabla ya saa saba mchana ukitaka maini na figo, maana hizo huchomwa mapema na kuisha mapema. Mbavu zinaweza kukungoja mpaka jioni. Ijumaa na Jumamosi mpigie simu mtu aliyetangulia akuwekee meza chini ya mwembe. Za upande wa barabara zina vumbi.