Hongera kwa Wachora Ramani za Fuwele

Pongezi ziwafikie wanaochunguza dawa kwa eksirei. Fuwele ndogo kama punje ya chumvi hupigwa miale, nayo miale hutawanyika na kuacha madoa, ambayo zamani yalinaswa kwenye filamu. Ukali wa kila doa hupimwa. Kisha ni hesabu juu ya hesabu, mpaka ipatikane ramani ya mahali elektroni zilipojazana, na zilipojazana ndipo penye atomu.

Mwanakemia Dorothy Hodgkin na wenzake wa Oxford walichora mistari ya ramani hizo kwenye plastiki angavu, wakazipanga moja juu ya nyingine. Mwaka 1945 penisilini ikajifichua: pete ya atomu nne, ambayo baadhi ya wanakemia mahiri walikuwa wameikataa katakata! Nobeli ya 1964 Hodgkin aliistahili, na waliojumlisha tarakimu naye wanastahili shukrani zetu.