Nani Alipanga Jukwaa?

Nimeitazama Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ikichezwa mabwaloni, Kitui na Makueni. Jukwaa ni meza za kulia zilizounganishwa. Mkeka ukitandikwa, tuko kijijini kwa Sara na Yona. Ukikunjwa, vitambaa vya kochi vikatandazwa juu ya benchi, tuko mjini kwa Neema. Usiseme ni umaskini. Ni ubunifu wa mtu anayejua kila kitu lazima kiingie kwenye matatu moja. Lakini kwa bango, jina lake halipo.

Kule Limuru, mwaka 1982, serikali haikutosheka kuzuia mchezo wa Kamĩrĩĩthũ. Ilibomoa jukwaa lenyewe. Walijua jukwaa husema. Sisi wahakiki tunangoja nini kumtaja anayelijenga?