Kamera Iliyoketi na Waponda Kokoto

Ukizunguka Ziwa Singidani mjini Singida, au ukikatiza kuelekea Ziwa Kindai, majabali yamepandana kila upande. Na penye mawe hapakosi mtu na nyundo. Jabali huwashiwa moto mpaka lipate ufa, mapande yakavunjwa, kisha mama anaketi chini, anakiweka kipande ndani ya duara la mpira wa tairi kisije kikaruka, anagonga. Anagonga tena. Kuijaza ndoo moja kunachukua muda ambao mwenye nyumba inayojengwa hana habari nao.

Muda huo ndio Flora M'mbugu-Schelling aliouheshimu. Mwaka 1987 mwongozaji huyu Mtanzania alikwisha kutoa filamu ya *Kumekucha*, kuhusu wanawake wa nchi hii na kazi zao. Mwaka 1992 akaja na *These Hands*: dakika 45 za wanawake wanaoponda mawe kwenye machimbo karibu na Dar es Salaam, wakimbizi kutoka Msumbiji. Hakuweka msimulizi. Hakumwita mtaalamu aje kutufafanulia umaskini.

Aliyewahi kuketi kwenye uhariri anajua jambo hilo lilivyo gumu. Mkono unawasha: kata hapa, ongeza muziki pale, mtazamaji asije akachoka. Flora anaiacha nyundo ipige. Mwanzoni unaona vumbi na mawe tu, na unajiuliza filamu itaanza lini. Baadaye sikio linazoea, unaanza kusikia kila mkono na pigo lake, na jicho linatulia kwenye vidole vilivyoshika jiwe sentimita chache tu kutoka chuma kinaposhukia. Wanawake wale wanapoimba na kucheza, huoni burudani iliyopachikwa. Umeshaupitia uchovu pamoja nao, kwa hiyo unajua pumzi ile imetoka wapi. Kwangu mimi, huo ndio uongozaji hasa: kujua cha kuacha.

Filamu nyingi za makala kuhusu Afrika zimejaa sauti ya mtu anayetueleza tunachokiona kwa macho yetu. Hii iliwaamini wanawake wale, ikamwamini na mtazamaji.

Kijana wa Singida mwenye simu yenye kamera, itafute filamu hii. Kisha nenda kwa mama zako machimboni, omba ruhusa, keti kabla hujarekodi. Na ninyi wenye vituo vya televisheni, dakika 45 hazikosekani kwenye ratiba zenu. Ionesheni.